Foleni Ilitulisha

Agosti 2021 nilirudi nyumbani Tunduma nikiwa na filamu ya Kifaransa kwenye kompyuta ya mkononi. Nilipewa na rafiki yangu anayefundisha Kifaransa Dar es Salaam. Aliniambia tu kwamba inahusu mji wa bandari, na kwamba nikiimaliza nimpigie simu. Inaitwa La ville est tranquille, ya mwaka 2000, na mwongozaji wake ni Robert Guédiguian, mzaliwa wa Marseille ambaye baba yake alifanya kazi bandarini. Jina hilo kwa Kiswahili chetu ningelisema hivi: mji uko shwari.

Usiku wa kwanza niliitazama peke yangu. Usiku wa pili nikaiweka tena, safari hii mama akiwa pembeni yangu, kajifunika blanketi kwa sababu Agosti ya Tunduma bado ina baridi ya kuuma vidole. Mama hajui Kifaransa, na yale maandishi ya Kiingereza ya chini hayamsaidii. Ikabidi nifanye kama walivyofanya watafsiri wa vibanda umiza tulipokuwa watoto pale mtaani Sogea. Unalipa sarafu yako, unabanana kwenye benchi, kanda ni ya Kihindi au ya Kichina, lakini sauti inayokushika ni ya mtafsiri aliyepanda juu ya sauti za waigizaji wote. Lufufu alikuwa mfalme wa kazi hiyo nchini. Mtafsiri hodari hakuhangaika na neno kwa neno. Alimchukua mtu wa mbali akamhamishia mtaani kwenu, mpaka unamwonea huruma kama jirani.

Filamu inaanza na mji wote wa Marseille ukionekana kutoka juu, kamera ikiuzunguka taratibu: bahari, paa, maghorofa, kinanda kikilia chini yake. Mama alitazama akiwa kimya, kisha akauliza swali lake la kwanza.

"Bahari nimeiona, baba. Makuli wako wapi?"

Nilitaka kumwambia asubiri. Lakini nilijua swali lile limetoka wapi, na ndilo lililonifanya niiandike habari hii.

Mama alianza kupika kando ya barabara kuu mwaka 1994. Ugali, maharage, dagaa, kisamvu. Wali siku za Jumapili. Wateja wake walikuwa madereva wa malori na matandiboi wao, vijana wa kubeba mizigo, na wabadilisha fedha waliokaa na mabunda ya kwacha mapajani kabla Zambia haijafuta sifuri tatu kwenye fedha yake mwaka 2013. Mzambia alipoomba nshima na kapenta, mama alimpa ugali na dagaa, na wote wawili waliridhika. Saa ya ukutani kwetu ilikuwa ya Tanzania, lakini mama alijifunza kupika kwa saa mbili, maana ukivuka tu kwenda Nakonde unakuta wako nyuma kwa saa moja, na dereva aliyetoka huko hufika na njaa ya saa nyingine.

Alikuwa na daftari la madeni, la mraba, limefungwa kwa uzi. Majina hayakuwemo humo, kwa sababu dereva wa masafa hukujulisha jina lake akipenda. Aliandika "Ndola turubai la kijani, sahani 3." Aliandika "Mzee wa salfa, 2 na chai." Salfa ni ile ya njano iendayo migodi ya Kongo, na ilipopita ilituachia vumbi la rangi yake kwenye nguo tulizoanika. Waliorudi kutoka kule walibeba mabamba ya shaba, machache kwa kuyatazama lakini lori zima linalemewa.

Lori likiharibika, au mzigo ukitakiwa kuhamishiwa lori jingine, habari zilimfikia mama kabla ya wengi. Hakuuliza limebeba nini. Aliuliza, "Nani kashusha? Wamelipwa?" Hesabu yake ya unga wa jioni ilianzia hapo. Vijana wanane waliolipwa ni vijana wanane watakaokula na kulipa papo hapo. Vijana wanane walioambiwa waje kesho ni kurasa mbili za daftari.

Kwa hiyo tulipoambiwa shuleni kwamba bandari ni mahali pa pwani, sikuelewa vizuri. Tunduma haina bahari. Ipo zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, kwenye ncha ya barabara iliyotengenezwa kwa sababu ya siasa ya kusini. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ikabaki na shaba yake na njia ya baharini iliyopita kwa adui. Ikageuzia uso kaskazini. Malori yakaanza kupita kwenye tope, bomba la mafuta likafuata, kisha Wachina, Watanzania na Wazambia wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kijiji cha Wanyamwanga ambao ndugu zao wako upande wa pili wa mpaka kikawa mahali ambapo kila kitu kinasimama ili kipigwe muhuri. Mwaka 2016 tulitoka Mbeya tukawa Mkoa wa Songwe, makao makuu yakaenda Vwawa, lakini kazi ya mji wetu haikubadilika. Kwetu vitu husimama.

Na kusimama huko ndiko kulikotulisha. Naliandika hili polepole kwa sababu ilinichukua miaka mingi kulikubali. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata ukarani kwa wakala mmoja wa forodha. Kutwa nzima nilikimbiza makaratasi: lori hili limekwama kwa kosa la tarakimu moja, lile mtandao umekata, dereva ana siku ya nne na posho yake ya safari imekwisha. Niliwaona wanaume wazima wakioga kwa maji ya chupa nyuma ya tela. Niliomba Mungu foleni iondoke. Jioni nilirudi nyumbani nikakuta mama anapepeta mchele na kuomba isiondoke. Nyumba moja, dua mbili, na ada yangu ya shule ilikuwa imelipwa na dua yake.

Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Mpango ni rahisi kuueleza: zamani lori lilisimama upande wetu likamalizana na forodha, uhamiaji na wengine wote, kisha likavuka na kuanza upya Nakonde. Sasa linasimama mara moja tu, katika nchi linayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wapo chini ya paa moja. Nililifurahia jambo hilo na bado nalifurahia. Dereva ni mtu, naye ana watoto wanaomsubiri. Lakini ndani ya miezi michache sufuria kubwa la mama lilihamia uvunguni, na sikumsikia kiongozi yeyote akimtaja mtu wa sufuria alipoyataja manufaa. Wakati ule nami sikumtaja. Niliposikia watu wa ofisini wakisema mpaka uko shwari, nilielewa kwamba malori yanatembea, nikaridhika.

Halafu ikaja Mei 2020. Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde baada ya wagonjwa wengi wa korona kugunduliwa pale, na malori yakajaa barabarani upande wetu, kuelekea Mpemba. Mizigo iliruhusiwa tena baada ya siku chache, lakini hofu haikuondoka na mizigo. Madereva walitazamwa kama ndio ugonjwa wenyewe. Wapo mama lishe waliokataa kuwauzia. Mama alilitoa sufuria uvunguni akapika. Aliweka sahani juu ya pipa, akarudi nyuma hatua kadhaa, dereva akaja akachukua. Ilikuwa busara, na kila mtu mwenye akili angemshauri afanye hivyo. Mwenyewe alilia usiku. "Miaka ishirini na sita nimewapa mkononi," alisema.

Nayasimulia haya yote ili ieleweke aliyeketi karibu nami akiitazama Marseille ni nani.

Filamu ile haina mtu mkubwa mmoja. Ina watu wengi wanaopishana: Michèle anayepanga samaki usiku kwenye soko la mnada; binti yake anayetumia heroini na ana mtoto mchanga; mwenye baa mwenye siri nzito; mwalimu wa muziki aliyechoshwa na ndoa yake; kijana mweusi aliyetoka jela; mtoto wa Kigeorgia anayepiga kinanda barabarani akichangisha fedha za kununua piano halisi. Na yupo Paul. Paul ni kuli. Wenzake wamegoma, naye anachoka, anachukua malipo ya kuacha kazi, anakopa, ananunua teksi. Wazazi wake ni wafanyakazi wa zamani walioishi kwa imani ya mshikamano, kwa hiyo anawadanganya.

Nilipofika kwa Paul sauti yangu ya utafsiri ilianza kukwama. Mama alinitazama.

"Huyu si kaka yako?"

Kaka yangu alianza kama tandiboi, akapata leseni, akawa dereva wa njia ya Lubumbashi. Kuna mwaka ambao madereva wa mwajiri wake waliegesha malori wakadai posho iongezwe. Waliegesha hapo hapo Tunduma, na kwa siku mbili walikaa kwenye mabenchi ya mama wakiongea kwa sauti za watu waliokwisha kukubaliana. Alfajiri ya siku ya tatu lori la kaka yangu halikuwepo. Alikuwa ameondoka nalo. Baada ya yeye wakaondoka wengine wawili, na madai yakafia barabarani.

Mimi ndiye niliyemhukumu kwa ukali kuliko wote. Nilikuwa nimeanza kusoma vitabu. Nilijua kwamba makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na kwamba mgomo wao wa 1947 ulisambaa kufuata reli mpaka bara. Nilijua walichokipata na kilichowagharimu. Nikampigia simu nikamsomea yote hayo kama anayesoma mashitaka, nikamwita msaliti, neno ambalo wenzake walikuwa wamekwisha kuliandika kwa kidole kwenye vumbi la tela lake. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mdogo wangu," akasema, "wewe uko ofisini." Akakata. Hela ya ziada aliyopewa kwa safari ile aliitolea malipo ya kwanza ya pikipiki, ambayo ilimsumbua mwaka mzima na hatimaye akaiuza kama vyuma. Hatukuongea vizuri kwa karibu miaka miwili.

Guédiguian hamwondolei Paul kosa. Wenzake wanabaki na haki yao, na uongo wake kwa wazazi unauma kuutazama. Lakini hamwachi pia. Anaendelea kutembea naye baada ya watu wote kumgeuzia mgongo. Anatuonyesha uso wake anapoendesha gari usiku. Anatuonyesha akimlipa Michèle, ambaye amefika mahali pa kuuza mwili ili apate fedha za dawa za kulevya za binti yake. Pale nilinyamaza. Mtu hatafsiri vitu hivyo mbele ya mama yake.

"Tafsiri," mama akasema. "Mimi nimeishi na malori maisha yangu yote."

Nikatafsiri. Alisikiliza, mikono ndani ya blanketi. Paul alipotoka kwenye kioo, akasema jambo ambalo alikuwa amelificha miaka yote ile.

"Usiku ule kaka yako alikuja kula. Akaomba nimfungie chakula cha siku mbili. Dereva aliyeegesha haombi chakula cha siku mbili. Nilijua."

"Ukafanyaje?"

"Nikamfungia. Viazi, mayai, na kuku kipande. Wenzake wamelala pale mlangoni kwangu, nami nikamfungia."

Akaniambia pia kwamba baadaye watatu kati ya wale madereva walikataa kulipa walichokula siku zile mbili, wakisema deni hilo ni la mwanawe. Hakubishana nao. Alilichukua daftari akapiga mstari. Waliporudi kupita Tunduma alifurahi kuwaona, wakala tena, wakalipa vya siku hiyo. Hakukuwa na upatanisho uliosemwa kwa maneno. Walikula tu.

Mimi kwa miaka miwili nilidhani kwamba katika habari ile kulikuwa na pande mbili na kwamba nilikuwa nimechagua iliyo sahihi. Kumbe mtu mmoja katika nyumba yetu alikuwa amesimama pande zote mbili usiku uleule, akijua, bila kumdanganya mtu, na gharama akaibeba yeye. Bado naamini madereva wale walikuwa na haki. Bado naamini kaka yangu aliwavunja. Ninachokijutia ni ile simu, na jinsi nilivyoona raha kuipiga.

Michèle ndiye aliyemtesa mama zaidi. Anamnunulia binti yake heroini mwenyewe, kwa sababu binti anapokosa anapiga mayowe na kichanga kinalia na mama anatakiwa kuwahi kazini. Hatimaye, akiwa hana njia, anamdunga kipimo cha kumwua. Niliposema hivyo kwa Kiswahili chumba kikawa kimya, na nilijua wote wawili tunamfikiria mama jirani.

Huyu alikuwa na mwana wa kiume aliyeanza na tujilijili, vile vifuko vya pombe kali vilivyotoka ng'ambo kabla Zambia haijavipiga marufuku mwaka 2012, akaendelea na viroba vya kwetu. Alipokosa hela alikata kamba za maturubai na kunyonya dizeli kwenye matangi ya malori, na kila mtu wa Tunduma anajua mwizi wa dizeli akikamatwa usiku hufanywa nini. Basi mama yake akawa anamnunulia. Kila jioni, viroba vinne, anampa akiwa ndani, anafunga mlango, anakaa nje na ufunguo. Watu walimcheka dukani. Mama gani anamlewesha mwanawe? Nami nilikuwa mmoja wa waliouliza hivyo, nikiwa nimetoka tu kazini na shati langu safi.

Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, na kwa nchi nzima ulikuwa uamuzi mwema. Yule kijana alihamia kwenye gongo, ambayo mama yake hakuwa na uwezo wa kuipima. Hakuweza tena kumfungia ndani. Asubuhi moja ya Juni alikutwa kwenye karavati kando ya barabara, amekufa kwa baridi. Hakuna aliyempiga. Kwa miaka mitano mama yake alikuwa amefaulu katika lile moja alilolitaka: asife mikononi mwa watu.

"Yule mwanamke," mama akauliza kuhusu Michèle, "nyumba aliyopanga ina milango mingapi?"

Nikamwambia ni ghorofa, milango ni mingi.

"Na kichanga hakikusikika?"

Sikuwa na jibu la filamu. Nilikuwa na jibu la kwetu. Ukuta wa mama jirani na ukuta wetu ulitenganishwa na uchochoro wa kupita mtu mmoja, na tulisikia kila kitu.

Nilidhani atasema inatosha, nizime. Alisema niendelee, kwa sababu yule mtoto wa kinanda hajapata piano yake na alitaka kujua kama ataipata. Tukapitisha vifo vingine, ambavyo niliviharakisha. Kimoyomoyo nilikusudia kumpigia kaka yangu kesho yake, na kweli nilimpigia. Alikuwa kwenye foleni mpakani Kasumbalesa, tukaongea juu ya bei ya matairi kwa nusu saa nzima, na alicheka mara mbili.

Lakini usiku ule tulifika mwisho. Piano imefika mtaani. Ni piano kubwa, nyeusi, na mtoto anakaa, anapiga, watu wanasimama kusikiliza, na mji uleule ulioua na kuuza na kudanganya kwa zaidi ya saa mbili unatulia kweli. Machozi yalinitoka. Nilimgeukia mama nikitegemea kumkuta hivyohivyo. Alikuwa ameinama kuelekea kwenye kioo, macho ameyabana, anatafuta kitu pembeni ya picha.

"Nani kaishusha?" akauliza.

Nikamwambia sikuangalia.

"Ni nzito ile. Rudisha nyuma."

Nikarudisha.